Mkwe Aliyepanda Mikorosho

Mjomba wangu Twahiru hakuwa mfalme wa nchi yoyote. Naanza hivyo kwa sababu chuoni, kwenye somo la tamthilia, tulifundishwa kwamba tanzia ya zamani ilikuwa mali ya wafalme. Ili mtu aanguke mpaka watazamaji walie, ilibidi kwanza awe amekaa juu. Halafu karne iliyopita, mwalimu wetu akatueleza, waandishi wa Marekani walifanya jambo la ujasiri: wakamshusha mfalme jukwaani, wakamweka mchuuzi anayezunguka na sanduku lake, kuli wa bandarini, mpangaji wa vyumba viwili aliyechoka. Wakasema huyu naye anaanguka, na kuanguka kwake kuna kishindo. Nililipenda somo lile kuliko yote. Lakini mwalimu alipotaka mifano ya nyumbani, wenzangu walitaja machifu na majemadari waliopigana na Wajerumani, naye akayaandika majina yao ubaoni. Wakati huohuo mjomba alikuwa hai, anapalilia mikorosho Newala, na hapakuwa na ubao wowote duniani ambao jina lake lingeandikwa.

Sasa namwandika mimi. Naandika kwa hasira, na sitajifanya sina.

Alizaliwa Chiwata, chini ya uwanda wa Newala, katika nyumba ya wakulima Waislamu, Myao kwa baba na kwa mama. Sisi Wayao na Wamakonde wa huko juu uwandani tunatofautiana kwa mengi, ila katika jambo moja tuko sawa: mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akioa huenda kuishi kwa mkewe, na akifa mrithi wake wa kimila si mtoto aliyemzaa, ni mtoto wa dada yake. Kwa mjomba Twahiru mtoto huyo wa dada ni mimi, Mujibu. Msomaji akumbuke hilo, maana lilikuja kutumiwa dhidi yake.

Alimwoa Swaumu, Mmakonde wa kijiji kimoja kilicho ukingoni kabisa mwa uwanda, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini. Akapanda juu na baiskeli, jembe na panga. Wakwe wakampa kipande cha pori la kichanga ambacho hakuna aliyekitaka. "Mkwe, hapo patakutosha kwa mihogo," wakamwambia. Yeye alipopatazama aliona mikorosho.

Mtu aliyekulia kwenye nchi yenye maji hawezi kujua uzito wa alichofanya. Kule juu mvua ikikatika watu hushuka bondeni alfajiri kufuata maji na kurudi jua limeshakuwa kali. Maji yakifika nyumbani mtu huoga kwa bakuli na kumshukuru Mungu. Mwaka wa kwanza wa miche ile kiangazi kiliwahi. Mjomba akawa anashuka na baiskeli, anapanda anaisukuma ikiwa na madumu mawili, moja la nyumbani, moja la shambani. Wanawake waliokuwa wakipita njiani walimkuta anainama na kopo kwenye kila shimo.

"Jamani njooni muone! Mkwe anaogesha miti, mkewe ananuka jasho!"

"Ninuke tu," Swaumu akawajibu, mtoto mgongoni. "Mimi nanuka jasho la mwenye shamba. Nyie mnanukia sabuni za kuazima!"

Wakacheka wote, pamoja naye. Hivi ndivyo mmoja wa wanawake wale alivyonisimulia, na bado alikuwa anacheka.

Miche ikashika. Kila mwaka akaongeza mistari mingine, mpaka pori likaisha na kikabaki kivuli. Palipokuwa vichaka pakawa na mikorosho iliyokutana matawi, chini pamefagiliwa kama uani. Mihogo na mbaazi vilivyowalisha vilitoka kando ya mikorosho ile. Faidha, binti yao wa pekee, alisomeshwa na mikorosho ile.

Sasa nieleze kosa lake, maana alilifanya, na ni kosa ambalo angelifanya mtu wa kwetu tu. Huko kuna kanuni inayojulikana na kila aliyekulia kwenye korosho: ardhi ni ya ukoo, mti ni wa aliyeupanda. Kwa hiyo mtu akipanda kwenye ardhi isiyo yake huita majirani wawili watatu, anatia mbegu mbele yao, wanakula pamoja, basi. Siku ya ugomvi hao ndio ulimi wake. Mjomba hakuita mtu. Angeitaje? Mkwe wa kwetu hapazi sauti mbele ya ukoo wa mkewe. Akipewa chakula anakula alichopewa, akiwakuta wazee wa mke njiani anapisha. Kusimamisha mashahidi kwenye ardhi ya wakwe ni kama kuwaambia, "Najua siku moja mtaniibia." Aliona aibu kusema hivyo. Akanyamaza, akapanda, akaamini kwamba watu wenye macho wameona.

Na waliona. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Waliona wote.

Jambo jingine. Kwetu mtu akishapata mtoto jina lake hubadilika. Anakuwa Baba fulani, na hiyo ndiyo heshima yake ya kila siku. Mjomba alipata Faidha, lakini kijiji kile hakikumwita Baba Faidha. Alikuwa Mkwe. Wazee walimwita hivyo, vijana wakafuata, mwishowe hata watoto wa shule. "Mkwe, shikamoo!" "Marahaba." Alizeeka akiitwa Mkwe, mvi zikajaa, na kila alipoitwa alikumbushwa kwamba yupo pale kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Swaumu, na Swaumu akafa. Ilikuwa mwisho wa masika. Alilala na homa, wakampeleka hospitali, akarudi kwenye gari amefunikwa.

Nilikwenda msibani, nikakaa na mjomba mpaka arobaini na baada yake, kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Siku ya arobaini, visomo vilipokwisha na watu wamekula, Anwari alisafisha koo. Anwari ni kaka wa Swaumu, ndiye mkubwa wa ukoo wao. Si mtu wa kelele. Anaongea taratibu na anatabasamu, na akiongea watu huacha kutafuna.

"Shemeji," akasema, "umetuheshimu na sisi tumekuheshimu. Dada yetu ametangulia. Sasa mila yetu na yenu ni moja, unaijua. Mwanaume akifiwa na mke hurudi kwao. Hatukufukuzi. Pumzika, jikusanye, halafu sisi wenyewe tutakutafutia gari la kukupeleka Chiwata."

Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, shemeji. Ardhi ni yenu, sijawahi kusema vinginevyo. Na mikorosho?"

"Mikorosho imefanya nini?"

"Nani ameipanda?"

Anwari akatabasamu. "Shemeji bwana! Mikorosho imo shambani, na shamba ni la ukoo."

"Sijauliza imo wapi. Nimeuliza nani ameipanda."

Bibi mmoja akaanza kukusanya sahani.

Hapo ndipo tanzia yake ilipoanza, na nataka iwe wazi alichokuwa anadai, kwa sababu walimzushia mengi baadaye. Mjomba hakudai kubaki. Hakudai korosho. Usiku ule alinieleza maneno machache, na aliyarudia kwa kila aliyemsikiliza: waseme mbele ya watu kwamba Twahiru ndiye aliyeipanda, halafu yeye angefunga mzigo wake kesho yake asubuhi. Sentensi moja tu. Na Anwari hakuweza kuitoa sentensi hiyo, kwa sababu ya ile kanuni. Ukishasema aliyepanda ni fulani, umesema mti ni wa fulani, na kesho fulani au mrithi wake anaweza kurudi na kapu. Sitakataa kwamba Anwari alikuwa na hofu yake, na kwamba hofu hiyo ilikuwa na sura. Sura yenyewe ilikuwa yangu.

Alilisema hilo waziwazi mbele ya baraza. Mjomba alikuwa amepeleka shauri kwenye baraza la kata, na tukaitwa. Wajumbe walikaa kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao akiwa mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Cecil. Anwari alisimama akaninyooshea kidole.

"Wajumbe, mtazameni kijana aliyekaa pale nyuma na shati la chuo. Yule ndiye mrithi. Leo shemeji anasema anataka neno tu. Akifa, neno litapanda gari kutoka Chiwata likiwa na magunia. Binti yetu Faidha atakula nini? Majani?"

Watu wakacheka. Nikasimama bila kuitwa. "Sitaki hata korosho moja! Nitaapa kwa chochote!"

"Kaa chini, mwanafunzi," Mama Cecil akasema. "Hapa si jukwaa la mdahalo."

Faidha alikuwepo. Anaishi Newala mjini, ana genge sokoni na mume asiyesema sana. Yeye ndiye angeweza kumaliza kila kitu. Kila mtu alijua amekulia chini ya mikorosho ile, na yeye ndiye ambaye Anwari alijidai kumtetea. Mama Cecil akamwita mbele.

"Binti, baba yako anasema yeye ndiye aliyepanda. Unasemaje?"

Faidha alikuwa na mtandio wa kijivu, akawa anaukunja na kuukunjua. Akamtazama Anwari. Mwaka ule binti yake mkubwa alikuwa achezwe unyago, na mwenye kusimamia jambo hilo ni mjomba wa upande wa mama, yaani Anwari. Bila yeye mtoto angebaki nje, anachekwa na wenzake, na mama yake anachekwa zaidi. Hayo hakuyasema pale. Aliniambia baadaye, na nilimjibu maneno ambayo siyaonei haya.

Pale barazani alisema, "Mimi nimezaliwa nikaikuta."

Mjomba hakugeuza kichwa. Niliona mkono wake tu ukishuka kutoka kwenye goti.

Mama Cecil hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Alitafuta suluhu. Akasema mzee abaki kwenye nyumba yake, aokote korosho na kula matunda ya shamba mpaka Mungu atakapomchukua, ilimradi atamke kwamba yeye ni mgeni wa ukoo na hana chake pale. Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Hata mimi, nakiri, moyo wangu ulitulia. Nyumba, chakula, kaburi la mkewe karibu. Mtu angetaka nini zaidi?

"Hapana," mjomba akasema.

"Mzee wangu, fikiri vizuri. Umepewa kila kitu."

"Nimepewa kila kitu isipokuwa nilichoomba. Mama, mimi nitaondoka hata leo, nitalala njiani. Ila sitasema ni mgeni kwa miti niliyoipandishia maji kutoka bondeni. Nikisema hivyo, nani atakuwa ameishi hapa muda wote huu?"

"Mbishi huyu," mjumbe mmoja akanong'ona, na neno lile likamganda. Kuanzia siku ile kijiji kizima kilisema Mkwe ni mbishi.

Mwalimu wetu chuoni alisema shujaa wa tanzia lazima awe na kasoro, ufa mdogo anakopitia maangamizi yake. Nimefikiri sana kuhusu kasoro ya mjomba. Kama kukataa kujiita mgeni ni kasoro, basi naomba niambukizwe. Wale Wamarekani walilielewa jambo hili. Mtu mdogo hana jeshi la kupoteza wala taji la kuvuliwa. Alicho nacho ni jinsi anavyojijua mwenyewe, na siku dunia inapomtaka akikane hicho kimoja, anasimama kama mfalme yeyote. Tofauti ni kwamba mchuuzi wao alipoanguka kulikuwa na taa za jukwaa na watu waliolipa kiingilio ili wakae kimya wamtazame. Mjomba alianguka mbele ya watu wanaochokonoa meno.

Kwa kuwa suluhu ilishindikana, baraza likaamua kwamba wajumbe watakwenda kuliona shamba. Mpaka siku hiyo, hakuna mtu wa upande wowote kuingia humo wala kugusa mti. Agizo likasomwa, likagongwa muhuri. Kwenye karatasi ni agizo la haki kabisa. Lakini lilitolewa mwezi wa sita.

Mwezi wa sita ndio mikorosho inaanza kutoa maua, na maua yanapotoka ubwiri unga unakuja. Huo ni ugonjwa unaolifunika ua kama limemwagiwa majivu, likakauka, likadondoka. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka na umande ungali juu ya maua ili unga ushike. Ukichelewa umechelewa. Mti hautoi maua mara ya pili kwa sababu baraza lilikuwa na udhuru.

Na baraza lilikuwa na udhuru. Kwanza gari la kuwaleta wajumbe halikuwa na mafuta. Halafu mjumbe mmoja akapata msiba. Halafu Mwenge wa Uhuru ukapita wilayani na kila mtu akawa huko. Mjomba alikuwa anasimama kwenye mpaka wa shamba, nje kabisa ya agizo, mikono nyuma, akitazama juu. Mashamba ya jirani yalikuwa yanaunguruma mashine kila alfajiri. La kwake lilikuwa kimya.

Alikwenda kwa Mama Cecil kuomba aruhusiwe kupuliza tu, kisha atoke. Akaambiwa asubiri. Ndipo akaniambia, "Twende kwa Anwari."

Tulimkuta anakunywa uji barazani kwake.

"Shemeji, karibu uji."

"Sikuja kunywa. Shemeji, maua yanafunguka. Upande wa mashariki nimeona vidoa."

"Hata mimi nimesikia hivyo."

"Basi pulizeni nyie. Chukua vijana wako. Salfa ninayo mifuko, mashine yangu ni nzima, chukueni. Mimi nitakaa nyumbani, sitatoka hata mlangoni. Pulizeni nyie, nami nitalieleza baraza kwamba niliwaomba."

Nilimgeukia nisiamini. Alikuwa anampa adui yake mashine mkononi. Mtu aliyekuwa akitafuta mali angefurahi shamba likauke kumkomoa mwenzake. Kumbukeni Nabii Suleimani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto: mama wa kweli alijulikana pale aliposema mpeni yule mwingine, ilimradi mtoto aishi. Suleimani aliishia hapo, akatoa hukumu. Sisi Suleimani wetu alikuwa kwenye mapokezi ya mwenge.

Anwari aliweka bakuli chini. "Agizo limetuzuia sote, shemeji. Mimi siwezi kuvunja agizo la serikali."

"Maua yatakufa."

"Mwaka mmoja tu. Miti haifi."

Kweli, miti haifi. Anwari aliweza kuupoteza mwaka mmoja. Tulipokuwa tunaondoka akamwambia, kwa upole uleule, "Lakini najua wewe hutavumilia." Nilidhani anamsifu.

Asubuhi moja mapema niliamshwa na mlio wa mashine. Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ya mjomba, na mlio haukutoka kwa jirani. Nikakimbia. Ndani ya shamba, kati ya mistari, kulikuwa na wingu la njano linalopanda taratibu kwenye matawi, na ndani ya wingu mzee wa karibu miaka sabini ameinama na mashine mgongoni, kitambaa cha kanga ya Swaumu kimemfunga pua na mdomo. Hakuwa na barakoa, za dukani zilikuwa zimekwisha. Nilimwita. Hakusikia, au alisikia. Alikuwa anakwenda mti kwa mti, anainua bomba, anageuka, anasogea. Sijawahi kumwona mtu aliyefanana zaidi na yeye mwenyewe.

Kwenye mpaka walisimama vijana watatu wa Anwari. Hawakumzuia. Walikuwa wameinua simu.

"Mkwe! Tabasamu!"

"Mwongezeni chumvi, amekuwa njano kama viazi vya kukaanga!"

Nilimrukia mmoja tukagaragara, simu ikaanguka. Mwenzake aliendelea kurekodi, mimi pia nikawa kwenye picha. Mjomba alimaliza mstari aliokuwa nao, akazima mashine, akaja akatutenganisha, akikohoa.

Video ile ilichezwa mbele ya baraza kwenye simu, wajumbe wakipokezana. Mlio wa mashine ukasikika ukumbini, na kicheko cha vijana. Mama Cecil akavua miwani.

"Mzee Twahiru, uliisikia amri ya baraza?"

"Niliisikia."

"Na uliingia?"

"Niliingia."

"Kwa nini, mzee wangu? Ulikuwa umebakiza siku chache tu."

"Maua yalikuwa yameshafunguka," mjomba akasema.

Akangoja, kama mtu aliyetoa sababu iliyotosha. Kwangu ilitosha. Kama kungekuwa na mtu mmoja kwenye meza ile mwenye masikio, angesema: shauri limekwisha, aliyepanda amejulikana. Badala yake wakasema amedharau baraza. Shauri likatupwa, akapewa siku saba za kuondoka, akaambiwa ashukuru hakupelekwa polisi. Kwa hiyo kile alichokifanya kwa sababu miti ni yake, ndicho kilichomnyang'anya. Kuna watu wanasema tanzia ni jambo la zamani. Waje Newala.

Tulishuka Chiwata nyuma ya pikapu, yeye, mimi, godoro na mashine yake. Faidha hakuja kumuaga. Alituma kuku.

Kikohozi hakikuondoka. Mimi si daktari, sitasema salfa ndiyo iliyomuua. Nasema tu kwamba alianza kukohoa shambani na hakuacha. Kwa mama yangu alikaa kwenye kiti cha kamba, hana anachokipalilia. Mwezi wa kumi watu waliotoka juu walileta habari kwamba shamba la Mkwe limezaa mwaka huu kuliko mengine yote ya ukingoni, matawi yameinama, vijana wa Anwari wanaokota tangu asubuhi. Nilitaka habari ile isimfikie, lakini mtu alimpa. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: kama upande wa mashariki nako kumezaa. Akaambiwa kumezaa. Akasema, "Vizuri." Nikatoka nje nikapiga ukuta ngumi, mkono ukavimba.

Alifariki mwezi uliofuata, mchana, akiwa amekaa.

Wakwe walikuja. Walijaza lori zima la Fuso, Anwari mbele karibu na dereva, wanawake wanaimba. Tukamzika. Tuliporudi kutoka makaburini, mtani wetu Selestini, Mmakua wa Lulindi, alikuwa ameshajivika koti la marehemu na kushika jembe, kama watani wanavyofanya, anazunguka uani.

"Jamani nani amemwona Mkwe? Wakwe wamefika, hawana pa kukaa! Mkwe, amka ukawachotee maji! Amekataa? Leo amekataa! Kweli amekufa!"

Watu wakacheka kwa machozi, hata mama. Mtani ana ruhusa ya kusema ukweli. Niliwatazama wageni wa juu. Walicheka pia, kwa sauti.

Ndipo Faidha alipotoka kwenye kundi la wanawake. Hakuwa na mtandio kichwani, ulikuwa mabegani. Alisimama katikati ya wanaume, jambo ambalo si la kawaida, na Selestini akashusha jembe.

"Baba yangu ndiye aliyeipanda ile mikorosho," akasema. "Yote. Mama alinibeba mgongoni, yeye anatia maji. Niliulizwa nikasema nimeikuta. Nilisema uongo. Ameipanda baba yangu."

Nikamtazama Anwari. Nilitaka kuona uso wake ukianguka, nilikuwa na njaa hiyo. Alikuwa anakula chungwa. Akatoa kokwa mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani.

"Sasa Faidha, mwanangu," akasema taratibu, "hilo nani alikataa?"

"Kweli," mzee wa pembeni yake akaitikia. "Mkwe alipanda. Tuliona wote."

"Mchapakazi yule!"

"Mikono yake hiyo. Pori lote lile."

Wakaendelea kuitikia, mmoja mmoja, mkeka hadi mkeka, wakiitoa bure sentensi ile aliyoiomba mpaka kifua kikamwisha, na kila aliyeisema alionekana kuridhika na wema wake. Nikasimama. Nikawaambia waache machungwa, tuongozane wote makaburini, wakaiseme pale, kwa sauti, mmoja mmoja na jina lake. Hakuna aliyenyanyuka. Anwari alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa.

Mama akanivuta shati. "Mujibu, kaa chini. Kuna msiba."

Sikukaa.